Toleo Jipya Limefika: Tubadilishe Karata Ngapi?

Barua tulizopokea kutoka Lubumbashi tangu toleo jipya la Hearthstone lifunguliwe zinafanana kwa swali moja: karata mpya ziingizwe vipi katika fungu lililokwisha kuzoeleka? Kwa wasomaji ambao hawajaucheza mchezo huu wa kampuni ya Blizzard, uliotoka rasmi mwaka 2014, inatosha kujua kwamba watu wawili hupambana kwenye simu au kompyuta, kila mmoja akiwa na shujaa mwenye uhai 30 na fungu la karata 30 alilolipanga mwenyewe. Karata moja hairuhusiwi kuzidi nakala mbili ndani ya fungu, na zile za daraja la juu kabisa, yaani lejendari, huwekwa nakala moja tu. Kila karata ina bei yake kwa mana, yaani nguvu ya kulipia karata; zamu ya kwanza mchezaji ana mana 1, zamu ya pili 2, hivyo hivyo hadi 10. Matoleo makubwa huja mara tatu kwa mwaka, na kila linapokuja hutikisa mipango ya wachezaji wote.

Yaya, nakusalimia kutoka Katuba. Nilikuwa na fungu la kushambulia mapema la Mwindaji (Hunter), mmoja wa mashujaa wa mchezo, na nilikuwa nikishinda kuliko nilivyokuwa nikishindwa. Toleo jipya lilipofika niliondoa karata 14 za zamani nikaweka 14 mpya, na kila moja ukiisoma peke yake ina nguvu kuliko ile niliyoitoa. Sasa ninashindwa na watu ambao zamani hawakunisumbua. Je, karata mpya ni mbaya, au kuna jambo sijaliona?

Mdogo wangu, inawezekana kabisa kwamba hakuna karata mbaya hata moja kati ya hizo 14. Ninachoshuku ni kwamba umezihukumu moja moja, wakati fungu hushinda au kushindwa kwa jumla ya karata zake 30. Kabla ya kutafuta sababu nyingine, chukua karatasi uandike ni karata ngapi za mana 1, ngapi za mana 2, ngapi za mana 3, na kuendelea, kwanza kwa fungu lako la zamani na kisha kwa fungu lako jipya. Karata mpya zinazovutia macho mara nyingi ni zile za bei kubwa, na mchezaji anayebadilisha nyingi kwa siku moja huongeza uzito wa fungu lake bila kukusudia.

Uzito huo unaweza kupimwa kwa hesabu. Mchezaji anayetangulia kucheza hupewa karata 3, na anaruhusiwa kurudisha asizozitaka apewe nyingine. Akitafuta karata ya mana 1 na kurudisha zote tatu kwa kuikosa, atakuwa ameona karata 6 tofauti kabla mchezo haujaanza. Ikiwa fungu lina karata 8 za mana 1, uwezekano wa kupata angalau moja ni takriban asilimia 87. Zikibaki 6, uwezekano hushuka hadi asilimia 77. Zikibaki 4, hushuka hadi asilimia 61, maana yake karibu michezo 4 kati ya 10 unaanza bila karata ya mana 1 mkononi. Kwa fungu la kudhibiti mchezo polepole jambo hilo si msiba, lakini fungu lako linaishi kwa zamu za mwanzo: mpiganaji mwenye nguvu 2 aliyeingia zamu ya kwanza, akiachwa apige mara tatu, ameondoa uhai 6 kati ya 30 kabla mpinzani hajatoa karata zake kubwa. Mpiganaji huyo huyo akiingia zamu ya tano hukuta uwanja umejaa na hapigi shujaa kamwe.

Jambo la pili ni kutegemeana kwa karata. Chukua Kill Command, karata ya Mwindaji inayojulikana tangu mwanzo wa mchezo: huondoa uhai 3, lakini ukiwa na mnyama uwanjani huondoa 5. Ukitoa wanyama sita wa zamani na kuweka wapiganaji sita wasio wanyama, hata kama kila mmoja wao ni bora kwa nambari zake, umepunguza nguvu ya Kill Command bila kuigusa. Karata za namna hiyo ziko katika kila fungu zuri, na mwenye fungu huacha kuziona kwa sababu ya mazoea.

Kwa hiyo rudisha orodha yako ya zamani kama ilivyokuwa, kisha ingiza karata nne tu, yaani jozi mbili. Kila karata mpya ichukue nafasi ya karata yenye bei ileile na kazi ileile: wa kushambulia mapema kwa wa kushambulia mapema, wa kuongeza karata mkononi kwa wa kuongeza karata mkononi. Kocha wa TP Mazembe akisajili wachezaji saba wapya hawaingizi wote katika mechi moja, kwa sababu timu ikifungwa hatajua amlaumu nani. Nawe ukiingiza karata 14 hujui ipi inakuangusha. Cheza na hizo nne mpaka uzielewe, uamue zibaki au zitoke, ndipo ulete nyingine.

Hata hivyo, kuna matoleo yanayoleta karata inayodai fungu zima lijengwe upya kwa ajili yake, na hapo ushauri wangu wa karata nne haufai. Reno Jackson, iliyotoka mwaka 2015, ilirudisha uhai wote wa shujaa kwa sharti kwamba fungu lisiwe na nakala mbili za karata yoyote. Baku the Moonwatcher na Genn Greymane, zilizokuja mwaka 2018, ziliboresha uwezo maalumu wa shujaa tangu mwanzo wa mchezo, ya kwanza ikitaka karata zote ziwe za bei ya witiri, ya pili zote ziwe za bei ya shufwa. Karata kama hizo ama uzijengee fungu lake kuanzia karata ya kwanza hadi ya mwisho, ama uziache kabisa. Kuzichomeka katika fungu la zamani kwa nusu nusu ndiko kubaya kuliko yote, maana unapoteza mpango wa zamani na sharti la mpango mpya halitimii.

Ndugu Mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nimeweka akiba ya vumbi 3,400, lile la kutengenezea karata ndani ya mchezo. Nitengeneze lejendari mbili gani za toleo jipya wiki hii ya kwanza?

Usitengeneze hata moja wiki hii, ndugu yangu, nami nakuomba unisikilize kwa makini kwa sababu akiba kama hiyo huchukua muda mrefu kukusanywa.

Bei ya kutengeneza karata ni vumbi 40 kwa karata ya kawaida, 100 kwa karata adimu, 400 kwa epiki na 1,600 kwa lejendari. Ukivunja karata ili kupata vumbi, unarudishiwa 5, 20, 100 na 400. Lejendari uliyotengeneza kwa pupa ukaivunja baadaye inakurudishia robo tu ya ulichotoa. Sasa linganisha: fungu zima lenye karata 18 za kawaida na 12 adimu, ukilitengeneza lote kutoka mwanzo bila kumiliki karata hata moja, linagharimu vumbi 1,920. Akiba yako inatosha kujenga fungu kamili la kushambulia na bado ikabaki karibu ya kutosha kwa lejendari moja, ambayo utaichagua ukiwa umekwisha kujua ipi inafaa.

Historia ya mchezo huu inafundisha kwamba wiki za mwanzo hazitabiri miezi inayofuata. Aprili 2020 kundi jipya la mashujaa, Demon Hunter, lilipoingia, karata zake kadhaa zilipunguzwa nguvu ndani ya siku chache tu. Desemba 2019, baada ya toleo la Descent of Dragons, mafungu ya Shaman yaliyotawala yalirekebishwa kabla ya mwezi kwisha. Ni kweli kwamba karata ikipunguzwa nguvu, kwa muda fulani mtu huruhusiwa kuivunja na kurudishiwa vumbi lake lote, kwa hiyo aliyetengeneza karata iliyokuwa kali kupita kiasi hapotezi kitu. Anayepoteza ni aliyetengeneza karata iliyosifiwa sana kabla ya kuchezwa, kisha ikaonekana haifai, kwa kuwa karata dhaifu hairudishiwi na mtu.

Anza kwa kufungua pakiti zote ulizo nazo kabla ya kugusa vumbi. Kila pakiti ina karata 5, na katika pakiti 10 za kwanza za toleo jipya lejendari moja imehakikishwa. Baada ya hapo hupatikana kwa wastani mara moja katika pakiti 20, na haiwezi kukosekana zaidi ya pakiti 40. Tangu mwaka 2020 pakiti hazikupi nakala ya ziada ya karata uliyokwisha kutimiza idadi yake mpaka umalize nyingine zote za daraja hilo katika toleo hilo. Kumbe ukitengeneza kwanza na kufungua baadaye, unaweza kuwa umelipa vumbi 1,600 kwa karata ambayo ingekuja yenyewe jioni ileile.

Angalia pia toleo liko wapi katika mwaka. Mfumo wa Standard, ulioanzishwa mwaka 2016, hukubali matoleo ya mwaka unaoendelea na wa mwaka uliotangulia, pamoja na karata za msingi. Toleo la kwanza la mwaka linapofunguliwa, yale ya mwaka wa nyuma zaidi hutoka. Lejendari ya toleo la kwanza utaitumia karibu miaka miwili. Ya toleo la mwisho wa mwaka utaitumia mwaka mmoja na miezi michache tu. Vumbi ni lilelile, muda wa matumizi haufanani.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Kampemba. Mwanangu wa miaka 15 ananiomba dola kila toleo jipya linapotoka, akisema bila pakiti nyingi hawezi kushinda. Je, ni kweli?

Mama, shikamoo, na asante kwa kuandika. Si kweli kwamba hawezi kushinda bila kununua, ingawa ni kweli kwamba mwenye karata nyingi ana uchaguzi mpana zaidi. Ndani ya mchezo wenyewe kuna dhahabu inayopatikana kwa kucheza na kutimiza kazi za kila siku na za wiki, na dhahabu 100 hununua pakiti moja. Kati ya toleo na toleo hupita takriban miezi minne, na kijana anayejizuia asiitumie dhahabu yake katika kipindi hicho hufika siku ya toleo akiwa na pakiti nyingi bila wewe kutoa hata franka moja.

Tatizo la kununua pakiti ni kwamba unanunua bahati. Pesa inatoka kwa uhakika, karata inayotakiwa haiji kwa uhakika, na zile zisizohitajika zikivunjwa hurudisha sehemu ndogo tu ya thamani yake. Kwa hiyo, safari ijayo atakapokuomba, mwambie akuonyeshe orodha ya karata 30 za fungu analotaka kujenga, akutajie zipi anazo na zipi hana, na vumbi kiasi gani linakosekana. Akiweza kukueleza hayo, utaona mwenyewe kama haja yake ni ya kweli, na mara nyingi yeye pia ataona kwamba anachokosa ni karata mbili au tatu ambazo vumbi lake linaweza kuzitengeneza. Akishindwa kukueleza, basi fungu lenyewe bado halijapangwa, na pakiti hamsini hazitampangia.

Sisi ni ndugu wawili wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Tangu toleo jipya, kaka yangu ameshinda michezo 12 kati ya 20 kwa fungu lake la Kuhani, nami nimeshinda 9 kati ya 20 kwa langu la Mchawi. Anasema hilo linathibitisha kwamba fungu lake ni bora. Utuamue.

Siwezi kumpa kaka yako ushindi huo, kwa sababu michezo 20 haithibitishi. Fungu lisilo na ubora wowote juu ya wapinzani wake, linaloshinda nusu kwa nusu, bado hufikisha ushindi 12 au zaidi katika michezo 20 kwa bahati tupu katika robo ya majaribio. Angeshinda 60 kati ya 100 ningemsikiliza kwa namna nyingine, kwa maana fungu la nusu kwa nusu hufikia hapo kwa bahati chini ya mara 3 katika majaribio 100.

Najua hakuna mwenye muda wa michezo 100 kila anapobadilisha karata mbili, tena katika wiki za mwanzo wapinzani wenyewe hubadilisha mafungu yao kila siku, hivyo matokeo ya Jumatatu yamekwisha kuzeeka ifikapo Ijumaa. Ndiyo sababu nawashauri muache kuhesabu ushindi peke yake na muanze kuandika yaliyotokea ndani ya mchezo. Katika zamu nne za kwanza kila mtu hupata mana 10 kwa jumla, yaani 1 na 2 na 3 na 4; andikeni mmetumia ngapi. Fungu la kushambulia linaloacha mana 4 bila kutumika katika kila mchezo lina ugonjwa unaoonekana baada ya michezo michache, na hakuna haja ya kusubiri hesabu ya ushindi. Andikeni pia ni karata gani ilibaki mkononi mchezo ulipokwisha. Karata ileile ikijirudia katika orodha hiyo, iwe mpya au ya zamani, iwe ya kawaida au lejendari, ndiyo ya kwanza kutoka.

Kamalondo: mega zangu huisha haraka na umeme hukatika jioni. Nicheze fungu la aina gani?

Fungu la kushambulia mapema, kwa sababu mchezo wake huamuliwa katika zamu chache, wakati mafungu mawili ya kudhibiti yakikutana yanaweza kuvutana hadi karata ziishe. Data ya toleo jipya ipakue mahali penye wifi kabla hujarudi nyumbani, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokula mega kuliko michezo yenyewe. Mtandao ukikatika katikati ya mchezo, fungua programu upya mara moja: mchezo unaoendelea hukupokea tena, lakini zamu yako ina sekunde 75 tu nayo haikusubiri.

Yaya, mimi niko Ruashi. Nimenakili kwa msimbo fungu la mchezaji mashuhuri, lakini nimekosa karata tano, mbili kati yake ni lejendari. Programu imenijazia nyingine yenyewe. Niziache?

Usiziache hivyo. Programu hujaza nafasi bila kujua mwenye fungu alikusudia nini, na karata tano ni moja ya sita ya fungu lako. Kwa kila karata unayokosa, jiulize ilikuwa inafanya kazi gani: kufunga mchezo, kuokoa uhai, kusafisha uwanja, kuvuta karata, au kumzuia mpinzani wa aina fulani. Tafuta katika hazina yako karata yenye kazi hiyo, na bei yake isizidi ile ya asili kwa zaidi ya mana moja. Lejendari inayofunga mchezo katika zamu ya 9 inaweza kubadilishwa na karata ya kawaida inayofunga mchezo. Haiwezi kubadilishwa na lejendari nyingine nzuri isiyofunga chochote. Ukigundua kwamba moja ya hizo lejendari ndiyo sharti linaloshikilia fungu zima, kama zile nilizomtajia msomaji wa Katuba, acha orodha hiyo utafute nyingine.

Kuhusu karata za kumzuia mpinzani wa aina fulani, hizo usizinakili kwa upofu. Acidic Swamp Ooze, kwa mfano, huvunja silaha ya mpinzani kwa mana 2, na mchezaji uliyemnakili huenda aliiweka kwa sababu katika ngazi yake ya juu alikuwa akikutana na mashujaa wenye silaha mfululizo. Angalia unakutana na nani wewe, katika ngazi yako. Ukiona katika michezo kumi silaha imejitokeza mara moja tu, nafasi yake iwekee mpiganaji wa mana 2 anayesaidia mpango wako, na Ooze uiweke pembeni mpaka wenye silaha warudi.